Mama Asiyesikia

Siwatu hakuipenda ile nyumba tangu kizingitini. Haijapata kutokea nyumba yenye watoto arobaini ikanyamaza hivyo. Hata kama wote wamelala, hata kama wote wameshiba, mmoja lazima atapiga chafya. Ile ilinyamaza. Alisimama nje na mwanawe Makame mgongoni, miezi mitano, mzito kama mtungi wa maji, akatega sikio weee, hakusikia hata kijiko kuanguka. "Ee Mola," akajisemea, "humu mna watu au mna kitu kingine?"

Na msimlaumu. Jina lenyewe, Siwatu, alipewa na bibi yake aliyegombana na mtaa mzima, ili kila atakayemwita mjukuu wake awe anajitukana kwa kinywa chake mwenyewe: si watu, si watu. Mtu aliyelelewa na jina kama hilo havui viatu mlangoni kabla hajavitazama vilivyovuliwa kabla ya vyake. Alivitazama. Viatu vya kike, jozi kwa jozi, vyote pua zikielekea ndani. Hata jozi moja haikuwa imegeuzwa kutazama nje. Alivua vyake akaviweka pembeni kidogo, akamshusha Makame mgongoni, akampakata.

Mji ule hauna jina, au unalo na wenyewe wamelificha. Amri ilibandikwa kwenye kila kisima na kila kinu cha kusaga: mama anayenyonyesha aje Nyumba ya Utulivu apimwe usikivu. Anayesikia sawasawa atarudi na mwanawe. Asiyesikia atabaki mpaka asikie, na mtoto atatunzwa ghorofani. Atakayepimwa mara tatu asisikie, mtoto atapewa mama mwingine anayesikia. Maneno machache, wino mzuri. Siwatu aliyasoma mara saba akimtafuta aliyeyaandika, akakuta chini muhuri tu. Sasa muhuri una mama? Muhuri umewahi kulia usiku mkubwa watu wakaamka? Aliuliza hivyo kwa sauti pale kisimani, na wanawake wenzake wakainama kuchota maji kama hawakumsikia. Tangu hapo alijua neno lile, kusikia, limeshaanza kuharibika.

Aliyempokea alikuwa Bi Rihani, mtulizaji mkuu, mwanamke mnene wa sauti nyororo, mwenye macho yasiyopepesa. "Karibu, mama."

"Mimi Mama Makame," Siwatu akajitambulisha, maana katika mji ule, kama katika miji mingine ninayoijua, mwanamke akishazaa huliweka jina lake sandukuni pamoja na doti ya harusi, akavaa la mtoto.

"Humu ndani tunasema mama tu. Jina la mtoto hupanda juu na mtoto." Akanyoosha mikono akamtwaa Makame taratibu, kama anayeondoa sahani mbele ya mgeni aliyekwisha kula. Mikono ya Siwatu ikabaki hewani imekunjwa vilevile, imebeba umbo la kitu ambacho hakipo.

Sasa sikilizeni jinsi wanavyopima. Kuna pipa jeupe, refu, limelazwa. Mama huingizwa kichwa kwanza, kama mkate tanurini. Bi Rihani alimweleza vizuri tu, kwa subira, na hilo ndilo lililomtia Siwatu wasiwasi zaidi. "Ndani ya kichwa cha mama," alisema, "pana kipande kidogo kama korosho. Mtoto akilia, kinawaka. Kikiwaka kupita kiasi, mama anaungua na mtoto anaungua naye. Kisipowaka, mtoto ni yatima mwenye mama. Tunataka kiwake kwa kiasi."

"Kiasi cha nani, bibi?"

Bi Rihani akatabasamu. Wote humo ndani wakiulizwa swali hutabasamu.

Akaingizwa. Mbele ya macho yake zikaanza kupita sura za mtoto mchanga: sura inayolia, sura inayocheka, sura ambayo haina kitu. Ile ya tatu ndiyo iliyomtisha. Mtoto alikuwa amefumbua macho, amefunga kinywa, na hapakuwa na mtu ndani. Pipa nalo likagonga, likagonga, kama mafundi bati mia wamepewa kazi ya siku moja. Katikati ya zahama ile ikapenya sauti ya mbali, labda kilio, labda mlango, halafu sauti ya Bi Rihani: "Unasikia, mama?"

"Sisikii!" akapiga kelele Siwatu. "Sisikii! Ongezeni sauti!"

Wakamtoa. Nyuma ya kioo alikaa karani mmoja ambaye sura yake haikuonekana, ila mkono. Mkono ule ukaandika kitabuni neno moja, na Siwatu akalisoma kinyumenyume kupitia kioo: HASIKII.

"Subirini! Nilisema masikio! Hilo pipa lenu linapiga kelele!"

"Masikio hayaandikwi humu, mama," alisema Bi Rihani.

Ndiyo basi. Na hapa mimi mwenyewe nakasirika, niacheni niseme. Lugha yetu imelibebesha neno hili mzigo wa punda. Tunasikia ngoma, tunasikia njaa, tunasikia harufu ya vitumbua, tunasikia baridi, tunasikia uchungu. Mtoto mtundu tunasema hasikii, na masikio anayo, tena makubwa. Sasa mtu anakuweka ndani ya pipa, anakuuliza unasikia, bila kukwambia anauliza neno gani kati ya hayo. Ukijibu kwa sikio, anaandika moyo. Ungejibu kwa moyo, pengine angeandika sikio. Aliyepanga swali ndiye anayejua, na yeye hayumo chumbani. Siwatu aliketi sakafuni akalia kwa hasira, wakaja watulizaji wawili wakamfundisha kupumua.

Masomo yalikuwa hivi. Kina mama wanakaa kwenye majamvi, mgongo umenyooka. Vuta pumzi. Itazame ikiingia. Toa pumzi. Itazame ikitoka. Wazo likija, usilipige, usilikumbatie, lipishe lipite. Kilio kikija kutoka darini, na kilikuwa kikija, usikurupuke, kipishe kipite. Ukutani zilitundikwa saa mbili. Moja ilihesabu tangu jua kuchomoza, nyingine ilihesabu tangu katikati ya usiku, na hakuna aliyesema wao hufuata ipi. Mama akiambiwa saa nne ukamwone mwanao, akienda ni mapema kwa saa sita au amechelewa kwa saa sita. Maziwa yalikamuliwa kikombeni kwa kufuata saa moja, na matiti yakajaa kwa kufuata nyingine. Siwatu alijaribu kuhesabu siku kwa kukata nyuzi za ukingo wa kanga yake. Alipofika uzi wa tisa akakuta kanga haina ukingo.

Jirani yake jamvini alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, aliyejitambulisha siku ile ya kwanza kwa haraka, kama anayeogopa kuporwa: "Mama Chausiku. Mama Chausiku mimi. Nimekuja jana."

"Jana gani, mwenzangu, na umeota mvi?"

"Nilikuja nazo," akasema, akacheka, kisha kicheko kikapita kama alivyofundishwa.

Mama Chausiku alikuwa bingwa wa kutulia. Kilio kikianguka kutoka darini, wengine hutetemeka magoti. Yeye kope haimchezi. Bi Rihani humtolea mfano. Na siku moja, nyuzi kadhaa baadaye, alimgeukia Siwatu kwa uso mkunjufu kabisa, akamuuliza kama anayeomba chumvi: "Ati mwenzangu, mimi mama nani vile?"

Siwatu alisikia baridi mpaka kwenye mifupa. "Mama Chausiku."

"Eeh, ndiyo. Asante." Akavuta pumzi, akaitazama, akaitoa.

Pumzi inaingia, Siwatu akawaza. Inaingia ikitoka wapi? Pumzi inatoka. Inapokewa na nani huko? Wazo lipite. Kwani nani kalipa ruhusa? Lipite liende wapi, lina kwao? Nami ninayelitazama likipita, ni nani aliyeniweka mlangoni? Mlinzi. Wamenifanya mlinzi wa mlango wangu mwenyewe, na kila anayekuja namwambia pita, pita, na mwanangu akija je? Hapana. Vuta. Toa.

Lakini mambo yasingekuwa magumu kama Siwatu angekuwa na hakika. Hakika hakuwa nayo. Lipo jambo ambalo hakumwambia mtu. Siku moja nyumbani, Makame akiwa na miezi miwili, alilia tangu asubuhi hadi adhuhuri, na Siwatu alikuwa hajalala siku tatu. Akamwinua. Akamtikisa. Mara moja tu, na si kwa nguvu, lakini alimtikisa, na kile kichwa kidogo kikayumba. Akamlaza kitandani akatoka nje, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, akasimama juani mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Korosho ilikuwa imewaka. Bi Rihani aliposema mama anaungua na mtoto anaungua naye, Siwatu alijua hasemi uongo. Kwa hiyo alikaa jamvini akapumua kweli, si kwa kujifanya. Alimshuku Bi Rihani, akajishuku na yeye, na kati ya shuku hizo mbili pumzi ikaingia na kutoka, na kusema haki, ilimsaidia. Mikono ilitulia. Masikio yakawa mapana. Akaanza kusikia vitu vidogo: mchwa ukutani, karani akikuna kidevu nyuma ya kioo. Pumzi haina kosa, pumzi ni ya Mungu. Alichoshuku ni kwamba kuna mtu mwenye haja nayo.

Wakampima mara ya pili. Safari hii hakupaza sauti. Alijilaza ndani ya pipa, akavuta, akatoa, mafundi bati wakagonga akawapisha. Kilio kikaja. Akakisikiliza kama mtu anayeonja mchuzi.

Makame halii hivi. Makame huanza na kikohozi kidogo, koh, kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi, halafu ndipo analia. Nyumbani Siwatu alikuwa na mchezo wa kumjibu kabla hajamwinua: "Karibu, baba." Kilio hiki hakikubisha hodi. Kiliingia tu. Na zaidi ya hayo, kifua chake kilikuwa kikavu. Mwanao akilia, maziwa hayangoji maamuzi. Yanashuka yenyewe, yanalowesha nguo mbele za wakwe. Alijipapasa. Kanga ilikuwa kavu kama jani la ndizi la juzi.

"Unasikia, mama?"

"Huyo si wangu."

"Swali ni moja. Unasikia?"

"Huyo si wangu, bibi! Wangu anakohoa kwanza!"

Mkono nyuma ya kioo ukaandika: HASIKII. AMEMKANA MTOTO.

"Sauti ni ya mtoto," Bi Rihani alimwambia kwa upole akimtoa. "Mtoto ni mtoto, mama. Anayechagua kilio hajatulia. Imebaki mara moja."

Siwatu akatoka. Nje ya chumba cha pipa, ukutani, lilikuwapo benchi, na Mama Chausiku alikuwa ameketi hapo na kikombe cha chai akingoja zamu. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba. Kile kilio kilikuwa bado kinapenya. Uso wa Mama Chausiku ulikuwa umetulia kama sahani. Lakini kifuani kanga yake ilikuwa na madoa mawili, na madoa yalikuwa yakipanuka huku Siwatu akiyatazama.

"Dada," akasema kwa kunong'ona, "kifua chako kimelowa."

Mama Chausiku akainama akatazama. "Oh," akasema, "nimejimwagia chai." Na akanywa funda moja kutoka kwenye kikombe kilichojaa pomoni.

Siwatu alilala na jambo hilo, akaamka nalo. Hapo ndipo alipoielewa nyumba, au alidhani ameielewa. Hawamfundishi mama kutulia ili asimtikise mwanawe. Hilo ni tangazo la mlangoni. Wanatafuta mama anayeweza kusikia mwanawe mwenyewe akilia na kuona ni chai. Wakimpata huyo, ni nani tena katika mji huu atakayeinuka kwa kilio cha mtu? Mwenye ule muhuri atalipa nini ili watu wote wawe hivyo? Au labda si hivyo. Labda wanapenda watoto kweli na wamekosea hesabu. Aligeuza, akageuza, asipate jibu, na katika kugeuza akaona jambo moja lililo dogo kuliko hayo yote: akisema anasikia, watampa mtoto. Lakini yupi?

Mara ya tatu, Mama Chausiku yupo tena kwenye benchi na kikombe chake. Pipa, mafundi bati, sura. Sura isiyo na kitu ikakaa mbele yake muda mrefu kuliko zote. Akavuta pumzi. Wazo likaja: akikosea hapa, Makame amekwenda. Hakulipisha. Kaa, akaliambia, kaa hapa nikuone. Likakaa. Kilio kikaja, kilekile kisichobisha hodi, na upande wa pili wa mbao benchi likalia kidogo, kama mtu amebadilisha mkao.

"Unasikia, mama?"

"Nasikia," alisema Siwatu. "Nasikia, lakini anayeitwa si mimi. Anayeitwa yuko nje hapo, kwenye benchi."

Akangoja. Kupitia kioo akauona ule mkono ukisita, halafu ukaandika neno moja tu, ukayaacha mengine: ANASIKIA.

Alitaka kucheka. Neno lililomfunga limemfungua, na mara zote tatu hawakumsikiliza. Bi Rihani akamtoa, akampangusa paji la uso, akasema kwa furaha ya kweli, jambo lililomtisha Siwatu kuliko yote, "Hongera, mama. Korosho yako imewaka kwa kiasi." Mlango wa ghorofani ukafunguka, akashuka mtu na mtoto aliyefungwa kitambaa cheupe.

"Mchukue mwanao."

Siwatu akamtazama. Mashavu, ndiyo. Masikio, ndiyo, kama ya baba yake. Lakini mtoto alikuwa mkubwa kidogo kuliko alivyomwacha, na nani ajuaye amemwacha lini? Macho yalikuwa wazi, kinywa kimefungwa, na usoni hapakuwa na kitu. Ilikuwa sura ya tatu. Kwa kutazama tu, angeweza kuwa Makame, angeweza kuwa mtoto yeyote aliyefundishwa kunyamaza. Mimi ni mama yake, akawaza, na simjui. Au wameshaniondolea cha kumjulia.

Akampokea. Akavuta pumzi moja, ndefu. Kisha akapitisha mkono chini ya kitambaa, akalitafuta paja, akalifinya.

"Mama!" Bi Rihani akapepesa macho kwa mara ya kwanza.

Mtoto hakulia. Alimtazama Siwatu kwa mshangao. Siwatu akafinya tena, machozi yakimtoka, akiuma meno, akisema moyoni nisamehe, nisamehe, bisha hodi tu. Midomo ikacheza. Kifua kikainuka.

Koh.

"Karibu, baba," alisema Siwatu. Na Makame akapasua kilio ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu ijengwe, na maziwa ya mama yake yakashuka yote kwa pamoja, yakalowesha kanga, kitambaa na mikono yake.

Hakuna aliyemzuia, kitabu kilikuwa kimeshaandikwa. Alipita mbele ya karani bila kumtazama, akatoka hadi kwenye benchi. Ndani ya chumba walikuwa wamesahau kulizima pipa, na kile kilio kingine kiliendelea kupenya mbao. Mama Chausiku alikuwa amekaa vilevile, kikombe mkononi, madoa yameungana kuwa doa moja.

"Mama Chausiku!"

Yule akageuka nyuma kutazama anayeitwa ni nani. Siwatu akamhamishia Makame kwenye bega la kushoto, akaushika mkono wa mwenzake, akaubandika pale palipolowa, kisha akauinua mpaka mdomoni. "Onja," akasema. "Niambie kama ni chai."

Mama Chausiku akaonja kidole. Akakitazama. Akaonja tena. Kikombe kikaanguka, kikavunjika, na uso wake ukaanza kurudi, polepole, kuanzia kwenye kidevu kilichokuwa kikitetemeka.

"Analia wapi?" aliuliza.

Siwatu hakujua. Hakujua hata kama kilio kile ni cha leo, au ni cha miaka hiyo mvi zilipoanza kuota, kimehifadhiwa tu. Alinyoosha kidole kwenye ngazi, na Mama Chausiku akazipanda mbilimbili, akiita jina la mwanawe, akilikosea, akilirudia mpaka likakaa sawa.

Mlangoni viatu vya Siwatu vilikuwa palepale pembeni. Akavigeuza pua zitazame nje, akavivaa. Nyuma yake Bi Rihani alikuwa amesimama akimsihi kwa ile sauti nyororo: "Mbembeleze, mama. Mnyamazishe. Wenzako watakurupuka."

Siwatu akatazama juu, kwenye madirisha arobaini. Maisha yake yote, na ya mama yake, na ya bibi yake aliyegombana na mtaa, neno aliloimbiwa mtoto lilikuwa moja: nyamaza. Akamwinua Makame juu kadiri mikono ilivyofika.

"Lia, baba," alimwambia. "Lia wasikie."